Imani na Furaha ya Nyumbani

Binadamu ana desturi ya kuitafuta imani mahali pa mbali na furaha mahali pa juu. Imani huidhani kuwa haipatikani ila chini ya kuba la msikiti, au chini ya mnara wa kanisa, au penye tambiko la wazee katika kivuli cha mti mkubwa. Furaha huidhani kuwa haiji ila siku ya arusi, siku ya Idi au ya Krismasi, siku ya kupandishwa cheo, au siku ya kuingiza mavuno ghalani. Siku zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, huziona kuwa ni vituo vya njiani tu, ambavyo msafiri huvipita usingizini bila ya kuyajua majina yake. Lakini mwaka una siku 365, na sikukuu zake huhesabika. Kama imani na furaha ni za sikukuu peke yake, basi sehemu kubwa ya umri wa mtu ni kame. Je, tuliumbwa hivyo? Au siku za kawaida, siku za kufagia na kuteka maji, za kupika na kulisha watoto, zina imani yake na furaha yake ambayo hatujajifunza kuiona?

Swali hili si dogo, ingawa lahusu mambo yanayoitwa madogo. Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asipapase gizani. Nasema kwamba kazi ya nyumba ni shule ya kwanza ya imani, na ni chemchemi ya furaha iliyo karibu na mtu kuliko chemchemi nyingine zote. Lakini nasema pia kwamba shule hiyo haimfundishi mtazamaji, na chemchemi hiyo haimnyweshi mpita njia. Aisifuye kazi ya nyumba kwa ulimi na kuikimbia kwa mikono hajaijua imani yake wala hajaionja furaha yake. Nami nakiri tangu mwanzo kwamba kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa lugha ni hazina ya fikira za waliotutangulia. Katika Kiswahili neno imani lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kuamini, yaani kuwa na hakika moyoni juu ya jambo lisiloonekana kwa macho. Maana ya pili ni huruma na upole. Mtu anayempiga mtoto mdogo kwa ukali twasema hana imani. Mtu anayekesha kando ya mgonjwa asiye ndugu yake twasema ana imani. Wahenga wangaliweza kuyatenga mambo hayo mawili katika maneno mawili, hawakuyatenga. Yamkini waliona kwamba kumwamini Mungu pasipo kumhurumia jirani ni nusu ya imani, na kwamba huruma isiyo na tumaini haidumu, huchoka njiani. Ikiwa ndivyo, ni wapi mambo hayo mawili hukutana na kuwa jambo moja? Mimi nasema hukutana nyumbani, na zaidi jikoni.

Nilikuwa mtoto katika Mkoa wa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini hazina ya taifa ilikuwa imepungua, mafuta yalikuwa ghali, na bidhaa zilikuwa adimu madukani. Sabuni ilipokosekana, kwetu tulifua kwa majani ya mpapai. Unga mweupe ulipokosekana, tulikula ugali wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, ambao watu waliuita Yanga kwa mzaha, kwa ajili ya rangi ya jezi za timu ile. Katika siku hizo mama yangu alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha. Kila usiku, kabla ya kuzima kibatari, alichota vibaba viwili vya kunde, akazipepeta, akazichagua, akaziloweka katika sufuria, akaifunika sufuria kwa ungo na kuweka jiwe juu yake ili paka asiifunue. Usiku mmoja nilimwuliza, "Mama, na kama kesho hatutapata unga, kunde hizi tutazila na nini?" Akajibu pasipo kuinua uso, "Unga ni wa Mungu, mwanangu. Kuloweka ni kwangu."

Sikuyafikiri maneno hayo wakati ule. Sasa naona kwamba yalikuwa na elimu kubwa kuliko hotuba nyingi nilizozisikia baadaye. Mama hakudai kuijua kesho, wala hakukaa na mikono mapajani akiingoja. Aliigawa kazi: iliyo juu ya uwezo wake alimwachia Mola, iliyo ndani ya uwezo wake aliifanya usiku uleule. Kuloweka kunde ni kusema kwamba kesho itakuja, kwamba itawakuta watu hai na wenye njaa, na kwamba njaa yao yanihusu mimi. Mambo mawili ya mwanzo ni kuamini. La tatu ni kuhurumia. Maana zote mbili za imani zilikuwa zimelowekwa katika sufuria moja.

Tazama na kazi nyingine za nyumba, utaona kwamba aghalabu zina sura hiyohiyo. Anayechagua mchele huondoa chuya na vijiwe, kimoja baada ya kingine. Mlaji hatajua kamwe ni kijiwe kipi kilichoepushwa na jino lake, wala hatashukuru kwa maumivu ambayo hakuyapata. Anayekanda unga wa maandazi usiku, kwa tui la nazi, hiliki na hamira, huufunika akaenda kulala, akiamini kwamba kazi itaendelea gizani bila ya mikono yake. Na anayemwekea chakula mtu ambaye hajarudi, akakifunika kwa kawa, amefanya tendo la imani lililo wazi kuliko yote. Sahani iliyo chini ya kawa yasema: hatukuoni, lakini twakungoja, umechelewa, lakini fungu lako lingalipo. Mahubiri hayo ni mafupi, na mwenye njaa huyaelewa bila ya kufafanuliwa.

Na furaha je? Furaha za nyumbani ni nyingi, ila hazipigiwi ngoma. Ipo sauti ya ufagio wa chelewa uani alfajiri, ambayo humwambia aliye kitandani kwamba dunia ingali na mpango wake. Ipo harufu ya kitunguu kinachokaangwa, ambayo huwakusanya watoto bila ya mtu kuwaita. Upo ukoko wa wali unaogombewa na ndugu. Lipo shuka lililoanuliwa jioni likiwa bado na joto la jua. Upo utulivu wa usiku, watu wameshiba, na mtoto mdogo amelala mkekani akiwa ameweka kichwa chake pajani mwa bibi yake. Furaha hizi zina sifa tatu ambazo fahari za dunia hazina. Kwanza, hazina msimu. Zilikuwapo jana, na kesho zaweza kuwapo tena. Pili, hazimpunguzii jirani. Hakuna aliyepata kufukarika kwa sababu nyumba ya pili ilicheka. Tatu, hazikamiliki kwa mtu mmoja. Ukoko wa kula peke yako hauna utamu wa ukoko uliogombewa. Ndiyo maana wahenga wakasema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Msomaji asinifahamu vibaya. Siusifu umaskini. Ugali wa njano haukuwa mtamu kwa sababu nchi ilikuwa na shida, na nguo iliyofuliwa kwa majani ya mpapai haikutakata kama iliyofuliwa kwa sabuni. Furaha haikutoka katika upungufu. Ilitoka katika jinsi mikono ya watu ilivyoukabili upungufu. Mtu anayewaambia wenzake waridhike na kidogo ili yeye abaki na kingi hana imani, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Walakini kuna jambo ambalo katika utoto sikuliona, ingawa lilipita mbele ya macho yangu kila siku. Nyumbani kwetu hapakuwa na bomba. Mama aliteka maji mtoni, ndoo nne kwa siku, kila moja ya lita 20. Wanafunzi na wafanye hesabu pamoja nami. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo nne ni kilo 80 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 29,200, yaani zaidi ya tani 29. Lori la tani 7 lingefanya safari nne, na bado maji mengine yangebaki mtoni. Mzigo huo haukubebwa na lori. Ulibebwa na shingo ya mwanamke mmoja, ambaye baada ya hapo alikwenda shamba, akarudi na kuni, akapika, na usiku akaloweka kunde. Baba yangu alikuwa mtu mwema, mpole wa maneno. Hata hivyo sikumwona hata siku moja akibeba ndoo, na mimi nilifundishwa mapema kwamba mwanamume haingii jikoni. Katika shule niliyosoma wasichana walifundishwa Sayansi Kimu nasi wavulana tukafundishwa useremala, kana kwamba mvulana hali chakula na msichana haketi kitini.

Nikakua, nikaajiriwa serikalini, nikawa mtunzi wa mashairi. Nilitunga beti nyingi za kumsifu mama na kulisifu jiko, nazo zilisomwa katika hafla, na watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani kutoka katika hafla hizo, nikaketi, nikapakuliwa chakula. Kisha mke wangu aliteleza ngazini akavunjika mguu, na kwa muda wa miezi mitatu hakuweza kusimama mbele ya jiko. Watoto walikuwa wadogo. Ndipo nilipoingia katika chumba nilichokuwa nimekitungia mashairi, nikagundua kwamba sijui chumvi huwekwa wapi.

Sitawachosha wasomaji kwa habari za wali ulioungua, na za sare za shule zilizopigwa pasi zikiwa mbichi. La maana ni fundisho. Mimi ni mtu wa ofisini, na kazi ya ofisini ina ushahidi wake. Barua huingia masijala, hupewa namba, huwekwa katika jalada, na baada ya miaka kumi yeyote anayehusika aweza kulifungua jalada lile akaona nilichoandika. Kazi ya nyumba haina masijala. Sahani iliyooshwa asubuhi ni chafu adhuhuri; sakafu iliyopigwa deki jana yangoja deki leo; aliyeshiba saa saba mchana analia njaa saa moja usiku. Kazi hii ikifanywa vema haionekani. Huonekana siku isipofanywa. Juma la kwanza nilikata tamaa. Nilijiuliza: kazi isiyobakiza alama ina maana gani?

Jibu nililipata kwa kuitazama ibada. Mwislamu huswali mara tano kila siku, na sala ya alfajiri haimwondolei sala ya adhuhuri. Mkristo huomba riziki ya leo, na kesho huomba tena. Hakuna mcha Mungu asemaye kwamba sala ni bure kwa kuwa hurudiwa. Pumzi hurudiwa, na mapigo ya moyo hurudiwa, na siku yatakapoacha kurudiwa ndiyo siku ya mauti. Yapo mambo ambayo thamani yake haimo katika kumalizika bali katika kutokukatika, na kazi ya nyumba ni mojawapo. Alama yake haibaki katika sahani. Hubaki katika mtu aliyekula, akakua, akaenda shule, akawa mwalimu au mkulima au mwuguzi. Jalada la mama ni sisi wenyewe.

Basi nikaendelea. Jioni moja katika mwezi wa pili, wali wangu uliiva sawasawa, ukaacha ukoko mwembamba, mkavu, wa rangi ya asali. Watoto wakaugombea. Mke wangu akaonja, akatabasamu, akasema, "Leo umepika, bwana. Siku zote ulikuwa ukichemsha." Nimepata sifa nyingine maishani mwangu, na baadhi yake zilikuja pamoja na cheti, sikumbuki iliyonifurahisha kuliko hiyo. Lakini katika miezi hiyo niliujua uchungu pia. Usiku mmoja watoto waliinuka bila ya kusema ahsante, wakaziacha sahani palepale walipokuwa wameketi. Nilianza kukasirika, kisha nikanyamaza, maana nilizikumbuka sahani zangu mwenyewe, za miaka yote. Nikafahamu kwamba kazi ileile yaweza kuwa furaha au yaweza kuwa utumwa. Tofauti haimo katika kazi yenyewe. Imo katika swali hili: je, yafanywa kama zawadi itolewayo na wote kwa wote, au kama deni analodaiwa mtu mmoja, ambalo hakulikopa na halina siku ya kwisha?

Kwa sababu hiyo siwalaumu wale wanaosema kwamba kuzisifu furaha za nyumbani ni hila ya kumfungia mwanamke jikoni. Mara nyingi imekuwa hivyo. Katika fasihi yetu tunao utendi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye mwaka 1858, huko pwani ya kaskazini, naye akiwa mgonjwa. Ndani yake dini na utunzaji wa nyumba havikutengwa. Mama anamwonyesha binti wajibu wake kwa Mungu na wajibu wake kwa mume katika usia mmoja. Ni kazi yenye hekima na mapenzi ya mzazi, na kwa kuiunganisha ibada na nyumba iliona mbali. Lakini usia wa nyumba ulielekezwa kwa binti. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mtumishi wa serikali, na ambaye alifiwa na mkewe, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Sisemi kwamba alimpeleka mvulana jikoni. Nasema kwamba aliona wote wawili wanahitaji usia. Hatua iliyobaki ni yetu: kukubali kwamba wote wawili wanahitaji pia ufagio.

Jambo hili si la nyumba ya mtu mmoja tu, ni la taifa, kwa kuwa taifa letu lilichukua jina la siasa yake kutoka nyumbani. Ujamaa ni neno lililotokana na jamaa. Katika maandishi yake ya mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba msingi wa ujamaa wa Kiafrika ni ule udugu wa watu wa jamaa moja, na kwamba yatupasa kuupanua udugu huo hata uvuke mipaka ya ukoo, ya kabila na ya taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangulia kuitaja imani ya chama cha TANU, na la kwanza katika imani hiyo lilikuwa usawa wa binadamu wote. Mwaka huohuo, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu hakuificha kasoro ya maisha yetu ya jadi. Alikiri kwamba mwanamke aliwekwa chini ya mwanamume, na kwamba wanawake walifanya kazi kupita fungu lao la haki, shambani na nyumbani. Maneno hayo yalitaka usawa usiishie mlangoni pa jiko.

Sheria nayo ilifika hapo kwa mwendo wake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisikiliza shauri lililotokana na talaka. Swali lilikuwa hili: chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mke ambaye hakuleta fedha, bali aliitunza nyumba, je, amechangia katika kupatikana kwa mali ya ndoa? Mahakama ilijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango, nazo lazima zihesabiwe katika jitihada za pamoja za mume na mke. Kazi isiyo na masijala ilikuwa imeandikwa. Mahakama ilitambua kwa kupima sheria jambo ambalo mimi, miaka mingi baadaye, nilihitaji mguu wa mke wangu uvunjike ndipo nilitambue. Nalisema hili kwa aibu, lakini nalisema, kwa sababu naamini wanaume wengi waliosoma kuliko mimi wangali upande ule niliokuwa.

Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Jiko la kale lilikuwa na mafiga matatu, na hakuna aliyejiuliza ni figa lipi kubwa. Likiondolewa mojawapo chungu hupinduka. Nyumba nayo ina mafiga yake matatu. La kwanza ni kuamini kwamba kesho ipo na yafaa kuandaliwa. La pili ni kuhurumia, yaani kuona njaa ya mwenzio kuwa jambo lako. La tatu ni kugawana mzigo. Nyumba yenye kuamini na kuhurumia lakini isiyogawana mzigo ni chungu juu ya mafiga mawili. Chaweza kusimama kitambo, lakini kikianguka humwunguza aliye karibu nacho, naye ni yuleyule aliyekuwa akichochea moto. Nyumba yenye kugawana mzigo kwa hesabu kali lakini isiyo na huruma, ambamo kila mtu huhesabu sahani alizoosha na alizoosha mwenzake, nayo haitoi furaha. Hiyo ni kambi, si nyumba. Furaha haiwi figa. Ni mvuke wa chungu kilichokaa sawa juu ya mafiga yote matatu.

Leo katika miji yetu mambo mengi yamebadilika. Wapo wapikao kwa gesi na wapo wafunguao bomba ndani ya nyumba, na hilo ni jambo la kushukuru, maana shingo za mama zetu hazikuumbwa ziwe lori. Lakini katika nyumba nyingine mzigo haukupunguzwa, umehamishwa tu. Umepewa msichana aliyeletwa kutoka kijijini, aamkaye wa kwanza na kulala wa mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Sheria yaweka mpaka wa chini. Imani yadai zaidi. Kipimo chake ni chepesi. Tazama msichana yule hula nini na hula saa ngapi. Tazama kama hulipwa ujira wake bila ya kuuombea. Tazama kama siku akichelewa kurudi sokoni hukuta naye sahani chini ya kawa. Ikiwa katika nyumba yenye sala nyingi na vicheko vingi sahani hiyo haipo, basi vicheko vile vimelipiwa na mtu mwingine, na sala zile zina deni.

Kwa walimu ningependa kusema neno moja. Elimu ya Kujitegemea, iliyoandikwa mwaka 1967, ilitaka mwanafunzi asiione kazi ya mikono kuwa adhabu. Katika shule nyingi tumelikumbuka jembe na kuusahau mwiko. Tena mara nyingi mtoto mkosefu ndiye tunayemtuma kufagia au kuteka maji, na kwa kufanya hivyo twamfundisha kwamba kazi ya mama yake nyumbani ni adhabu ambayo mama huitumikia bila ya kosa. Ufagio na uwe wa zamu, wa mvulana na wa msichana, wa mwenye akili na wa mzito, wala usiwe wa mkosefu. Mwalimu mwenyewe akishika ufagio siku moja, somo hilo halitahitaji ubao.

Na kwa vijana nasema hivi. Mtasoma, inshallah, na wengine mtakwenda mbali kuliko nilikofika. Mtakutana na furaha kubwakubwa, na ni haki yenu kuzifurahia. Lakini siku nyingi za maisha yenu zitakuwa siku za kawaida, na mtu asiyejua kuishi siku ya kawaida hukosa kuishi sehemu kubwa ya maisha yake. Msingoje kuoa au kuolewa ndipo mjifunze kuipenda kazi ya nyumba, wala msingoje mguu wa mtu uvunjike. Mama yangu alikwisha kufariki, na sikupata kumbebea ndoo hata moja nilipokuwa na nguvu za kuibeba. Mashairi niliyomtungia hayalipi deni hilo. Naililipa kidogokidogo jikoni mwangu, kwa watu ambao yeye hakuwaona.

Usiku wa leo, kabla ya taa kuzimwa, tazama nyumbani kwenu ni nani anayeandaa chakula cha kesho. Kama ni wewe, ujue kwamba unachokifanya ni imani, hata kama hakuna aliyekuona. Kama si wewe, nenda ukakae karibu naye, uchukue ungo, mchague pamoja.